Sura ya Tano: Mlinzi wa Waya

Watu wengi waliojaaliwa kuwa na umeme majumbani huamini kuwa kile kisanduku kilichopachikwa ukutani, aghalabu nyuma ya mlango wa sebule au koridoni karibu na jiko, chenye safu ya vishikio vidogo vinavyopanda na kushuka, kimewekwa pale ili kuwaepusha wao na mauti. Na kwa kuwa imani hiyo haigharimu kitu, huishi nayo raha mustarehe mpaka siku inapotahiniwa. Naomba ruhusa ya msomaji niikanushe mapema. Sakiti breka, ambayo katika sura hii nitaiita breka kama inavyoitwa mitaani, iliundwa kulinda waya. Humfaa mtu kwa kadiri hii tu, kwamba waya usipoungua nyumba haiungui, na aliyelala ndani husalimika. Lakini mtu ashikaye waya ulio uchi kwa mkono wenye maji, breka hiyo haina habari naye.

Hoja hii ni ya hesabu, wala si ya dhana. Umeme wa Tanzania huingia nyumbani kwa volti 230, na breka ya soketi iliyo ya kawaida huandikwa 20 usoni pake, yaani ampea 20, nao ndio mzigo iliopewa kuubeba mchana na usiku bila kushuka. Mwili wa mwanadamu hauhitaji hata kipande kidogo cha mkondo huo ili roho iachane nao: sehemu 30 katika 1,000 za ampea moja, zikipita kifuani kwa muda wa mapigo machache, zaweza kuuvuruga moyo usirudie tena mwendo wake. Baina ya mkondo uwezao kuua na mkondo unaoishusha breka pana tofauti ya mara zaidi ya 600, na ndani ya nafasi hiyo pana mtu aliyekwisha kufa huku breka imesimama wima, haina kosa lolote la kiufundi.

Kiko kifaa kingine ambacho ndicho kilichowekwa kwa ajili ya mtu, nacho hukaa katika kisanduku hichohicho na kufanana na breka kiasi cha kuwapoteza wengi. Mafundi hukitaja kwa herufi zake, RCD, na wale wa zamani husema ELCB. Mwenye nyumba atakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kazi yake ni kulinganisha umeme uendao na umeme urudio, na maadamu vyote viwili ni sawa hukaa kimya. Lakini sehemu 30 katika 1,000 za ampea zikikosekana katika marejeo, kwa kuwa zimepita mahali pengine, na pengine penyewe huenda ni mwili wa mtoto, hukata njia yote kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Waafrika na tujue kuwa kifaa hiki kina historia katika bara letu: miaka ya 1950, Henri Rubin alikiendeleza Afrika Kusini kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Breka ndogo ya majumbani ilitangulia, kwani Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, aliileta mwaka 1924 ili kuchukua mahali pa fyuzi ya waya. Fyuzi ile ilikuwa na aibu yake: ikiungua, mwenye haraka aliweza kuifunga tena kwa waya mnene kuliko uliostahili, hata kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nyumba ikawaka taa usiku ule na kuwaka moto usiku mwingine. Tutaona huko Sakina kuwa tabia ile haikuzikwa pamoja na fyuzi.

Sakina, kwa asiyeijua, iko upande wa kaskazini-magharibi wa jiji la Arusha, kandokando ya barabara iendayo Namanga, chini ya miteremko ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya meta 4,560. Hapo ndipo ilipoanzia barabara ya njia nne inayolikata jiji mpaka Tengeru, na tangu ilipokamilika, thamani ya viwanja imepanda na mashamba ya migomba na kahawa yakazidi kugeuka vyumba vya kupangisha. Nyumba ya hapo, aghalabu, haikujengwa mara moja. Ilianza kwa vyumba vitatu, balbu tano na redio; fundi mwenye leseni akachora ramani ya wayaringi na kutia sahihi katika fomu, kwa kuwa TANESCO haiungi umeme pasipo hayo; mita ya LUKU ikapachikwa, watu wakashangilia. Baada ya siku ile hapana aliyeingia tena kukagua. Likaja friji, ikaja pasi, kikaongezwa chumba cha uani, kisha viwili. Barabarani ikafunguliwa fremu ya saluni yenye mashine za kukaushia nywele. Na kila kilichozaliwa kilivutiwa waya kutoka soketi iliyokuwa karibu, kwa mkono wa kijana aliyekuwa karibu. Kwa hiyo nyumba iliyokaguliwa ni nyumba nyingine, ijapokuwa kuta zake ndizo hizihizi.

Mwezi wa Julai ndio unaoifichua hali hiyo, kwa maana baridi ya Arusha wakati huo, wingu la Meru linaposhuka likakaa juu ya mapaa kutwa nzima, humfanya kila mwenye uwezo afunge shawa ya umeme bafuni. Basi breka huanza kushuka, na fundi huitwa. Mazungumzo yao, kama yalivyofikia masikio yangu katika nyumba moja si mbali na barabara kuu, yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hii breka inanitesa, kila asubuhi inashuka."

"Saa ngapi, mama?"

"Kumi na mbili na nusu hivi, watoto wakijiandaa kwenda shule."

"Bafuni anakuwa nani?"

"Baba yao."

"Na jikoni?"

"Si mimi? Naweka birika la chai."

"Basi breka ni nzima, mama. Kinachoumwa ni wayaringi."

"Mwenzio aliyetangulia alisema ninunue kubwa zaidi, ya thelathini na mbili, itaacha kelele."

"Ni kweli itanyamaza. Mimi naogopa ikinyamaza."

Kijana huyu alisema neno kubwa, na mwenye kutaka kuona ukweli wake na achukue kalamu. Shawa ile imeandikwa wati 5,500; gawanya kwa volti 230, utapata ampea 24 kasoro kidogo. Birika la wati 2,000 huongeza karibu ampea 9. Jumla yake ni takriban 33, zote zikipita katika waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya 20. Sasa breka haikuumbwa na haraka katika jambo hili. Ndani yake mna kibamba cha madini mawili yaliyogandamana, ambayo moja hutanuka kuliko lenzie likipata joto, hata kibamba kikapinda na kufyatua kishikio. Na sharti la kimataifa linalotawala breka za majumbani husema kuwa mkondo ukiwa mara 1.45 ya kiasi kilichoandikwa, breka hiyo na ishuke ndani ya saa moja. Ampea 24 hazifiki hapo, kwa hiyo baba huoga peke yake asubuhi nyingi bila kusumbuliwa. Ampea 33 hupita hapo, basi chai ikiungana naye breka hushuka kabla birika halijachemka vizuri. Mama alidhani ni ukorofi wa kifaa, kumbe ilikuwa taarifa sahihi, yenye saa na sababu yake.

Tuseme shauri la fundi wa kwanza lingefuatwa. Breka ya 32 ingezichukua ampea 33 bila kushtuka, asubuhi baada ya asubuhi, na joto ambalo zamani lilikuwa likikatizwa lingebaki likipika waya ndani ya ukuta na juu ya dari. Ngozi ya plastiki ya waya wa kawaida imekadiriwa kustahimili joto la nyuzi 70. Ikizidishiwa kwa miezi mingi hukauka, hupasuka, na siku panya wa darini anapoitafuna kidogo, nyaya mbili hugusana juu ya mbao kavu. Dalili hutangulia, ijapokuwa wachache huzisoma: soketi yenye doa la kahawia, plagi inayotoka ikiwa na moto wa kuunguza vidole, taa inayofifia friji linapoanza kunguruma, na zaidi ya zote harufu ya samaki katika chumba ambacho hakijapikwa samaki, kwa maana baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto jingi hutoa harufu ya namna hiyo hasa. Atakayeinusa na azime swichi kuu kwanza, maswali yaje baadaye. Dawa ya nyumba ile ilikuwa waya mpya wa 6 utokao kisandukuni moja kwa moja mpaka kwenye shawa, wenye breka yake yenyewe ya 32, usioshirikiana na kitu kingine chochote. Mama aliguna alipotajiwa bei ya waya, lakini alilipa.

Mzigo kuzidi ni sababu moja, na ndiyo yenye subira. Shoti haina subira: waya wa moto ukigusana na nyutro, mkondo huruka kufikia mamia ya ampea, na hapo breka haingoji joto, bali koili iliyomo ndani huvuta chuma na kukata kwa muda mfupi mno. Breka inayoshuka papo hapo kila inapopandishwa, hali vyombo vyote vimechomolewa, inasema kuwa shoti imo katika nyaya zenyewe au kwamba breka imechoka. Na wanaoikaza kwa kidole au kuifunga kwa utepe ili isishuke wanajitaabisha bure, kwa sababu breka ya kweli hukata ndani yake hata kishikio kikizuiwa kisianguke.

Kama kinachoshuka ni ile swichi yenye herufi T, mambo ni mengine, maana hapo umeme unavuja. Masika ndiyo msimu wake. Mvua ya Aprili huingia katika taa ya geti isiyofunikwa vema, au katika soketi ya nje iliyowekwa kwa ajili ya pampu ya kisima, na usiku wa manane nyumba nzima huzima. Asubuhi jua likikausha, yote hurejea, na fundi akija haoni kitu. Shawa yenye hita iliyopasuka huleta tabu ileile, ila yenyewe huvujia katika maji anayojimwagia mtu. Njia ya kutafuta ni nyepesi na haihitaji elimu kubwa: shusha breka zote ndogo, pandisha swichi hiyo ya T, kisha pandisha breka mojamoja mpaka utakapofika kwa ile inayoiangusha, halafu katika chumba hicho chomoa vyombo vyote na uvirudishe kimoja baada ya kingine. Mwenye kosa atajidhihirisha. Kishikio kilichosimama katikati, wala hakikushuka wala hakikupanda, kishushe kabisa kwanza ndipo ukipandishe. Zaidi ya hapo, kufungua kifuniko cha kisanduku na kugusa skrubu zake ni kazi ya fundi, kwa sababu waya utokao katika mita hubaki na umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Nimebakiza jambo la ethi, ambalo kwa rai yangu ndilo linalodharauliwa kupita yote katika miteremko ya Meru. Kila nyumba ina nondo iliyopigwa ardhini, na waya wa kijani na manjano unaofungwa hapo unatakiwa kufika katika kila soketi na kila chombo chenye mwili wa chuma, ili umeme ukipotea njia uende ardhini badala ya kumngoja mtu. Wengi hudhani ethi ikiwapo basi breka itashuka. Na tupige hesabu tena. Udongo wa volkano ukikauka Septemba, nondo yenye ukinzani wa omu 20 huhesabiwa kuwa nzuri. Gawanya volti 230 kwa 20, unapata ampea 11 na nusu. Breka ya 20 haitashuka kwa ampea 11 na nusu, si leo wala kesho. Friji litakaa na umeme ubavuni mwake, mita ya LUKU itakula uniti bila sababu ijulikanayo, na mama atasema friji lake "linapiga kidogo" kana kwamba ni tabia ya friji. Mahali ambapo nyumba inategemea nondo yake yenyewe, RCD si anasa ya matajiri wa Njiro, ni sharti. Chumvi na mkaa ambavyo mafundi hutia kuzunguka nondo vina faida, na ndoo ya maji wakati wa kiangazi kadhalika, walakini havichukui mahali pake.

Nitaonyesha kwa kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kutoka nje sasa hivi akakitazama: kamba ya kuanikia nguo. Katika nyua nyingi kamba hiyo ni waya wa chuma, uliofungwa upande mmoja kwenye mti wa mgrivea na upande wa pili kwenye msumari wa kenchi, ukigusa bati. Juu ya dari, waya wa balbu ya baraza umelala juu ya bati hilohilo, na ngozi yake imechubuliwa na ukingo wa bati kwa miaka ya upepo. Bati halina ethi. Umeme huingia katika bati, hushuka katika kamba, hukaa humo pasipo sauti wala mwanga. Na mtu wa kwanza kuugundua ni yule aliyesimama peku juu ya udongo uliolowa, ananing'iniza shuka mbichi kwa mikono yote miwili. Breka haishuki, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Kamba ya katani au ya nailoni huuzwa kwa bei ndogo katika soko la Kilombero, na sioni udhuru wa kutoinunua.

Yapo mambo ambayo hata RCD haiyaoni. Nyutro ikilegea au kukatika mtaani, kwenye nyaya za nguzo, volti katika nyumba nyingine hushuka na katika nyingine hupanda hata kupita 300; balbu hung'aa mno kisha hupasuka, na televisheni hutoa moshi, hali breka zote zimesimama. Hapo zima swichi kuu na uipigie TANESCO namba 180. Wanaofunga friji gadi hufanya vema, kwa kuwa chombo hicho hukata volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha.

Kuhusu mafundi sina maneno mengi. Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, nayo ni karatasi inayoweza kuonyeshwa. Fundi anayekasirika akiombwa kuionyesha amekwisha kujibu swali. Arusha haina dhiki ya mafundi waliosoma, maana Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, hakiko mbali na Sakina. Dhiki iko katika mifuko yetu na katika haraka yetu. Breka bandia nazo ziko sokoni, nyepesi mkononi, zenye maandishi mazuri na ndani hazina koili ya maana. Nunua kwa mwenye duka atakayekupa risiti, utazame alama ya TBS, na bei ikikupendeza kupita kiasi, iogope.

Mtu akinaswa na umeme mbele yako, usimshike, hata akiwa mwanao. Zima swichi kuu. Usipoifikia, msukume au uusukume waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, anza kumbonyeza kifua na umtume mtu atafute gari la hospitali. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla ya kuzima. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Nawe msomaji uliye na kisanduku chenye kitufe cha T, nakuomba ukibonyeze leo, baada ya kuzima kompyuta na vyombo visivyopenda kukatiwa ghafla. Swichi ikishuka, ipandishe uendelee na shughuli zako, na ufanye hivyo tena mwezi ujao. Isiposhuka, imekufa, na mpaka itakapobadilishwa, nyumba yako inalinda waya tu.